Namba Kumi na Saba

Nilikupika Jumanne, kwa moto mdogo na spiriti,
shaba moyoni, pete mbili za kaboni mabegani,
ukaganda chini ya chupa, chenga za kijani
ambazo hakuna mtu Tiruchirappalli aliyewahi kuziona,
wala kwingineko.
Ndugu zako kumi na sita niliwapa majina
na wote waliishia kwenye sinki.
Wewe ni Namba Kumi na Saba, basi.

Na huyu hapa mwenyeji wako: DNA,
imetolewa kwenye tezi ya ndama,
imekuja kwa kifurushi, imezungukwa na barafu.
Kuppammal, mwenye nyumba ninayopanga,
aliandika kwenye mkataba kwa wino mwekundu:
nyama hailiwi hapa, wala yai.
Kila jioni ananinusa mlangoni.
Sijamwambia kwamba mchana kutwa namimina ndama
tone kwa tone, ndani ya kioo.

Ni ngazi iliyosokotwa, wewe mwenyewe utaiona.
Kila kipandio ni wawili walioshikana mikono,
A na T, G na C, hawabadilishani wachumba.
Ubavuni ina mifuo miwili, mpana na mwembamba.
Unaweza kuning'inia nje kwa mvuto wa chaji tu,
kama nzi kwenye pazia.
Unaweza kulala ndani ya mfuo, umejikunja.
Au ujipenyeze katikati ya vipandio viwili,
bapa, bila hodi,
mpaka ngazi irefuke kwa unene wa mwili wako.

Hiyo ya mwisho ndiyo Profesa Arivazhagan anayoitaka.
Seli yenye wazimu wa kugawanyika, anasema,
haiwezi kuisoma ngazi iliyokaliwa.

Jumatano nikakuweka mbele ya urujuanimno.
Kilele chako kikainama kidogo
kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.
Alhamisi nikatanguliza mpangaji mwingine, rangi ya ethidi,
ambayo ikiwa ndani hung'aa chungwa, ikitolewa hufifia.
Nikakumimina wewe.
Chungwa likafifia.
Profesa akapiga meza: "Ameingia!"
Akanunulia chai kila mtu, mpaka mlinzi.

Lakini mnato haunyweshwi chai.

Ijumaa umeme ulikatika mara mbili, nikangoja
maji ya beseni yarudi digrii ishirini na tano.
Ngazi ikirefuka, kimiminiko huwa kizito,
hushuka bombani kwa uvivu.
Nikabonyeza saa. Sekunde mia moja na tatu.
Nikakuongeza. Mia na tatu.
Nikakuongeza tena. Mia na tatu, nukta moja.
Nikaosha bomba kwa asidi, nikaanza upya,
nikaosha,
fagio la mhudumu likapita miguuni mwangu, likaenda zake.
Mia na tatu.

Hukuingia.
Umelala mfuoni, ule mwembamba nadhani,
ukamsukuma mpangaji kwa kiwiko mpaka akahama mwenyewe.

Kalamu ilikuwa mkononi, na nakwambia kweli:
tatu ni nane yenye midomo wazi.
Ukiifunga kwa mipinde miwili midogo,
mia na tatu inakuwa mia na nane,
ngazi imerefuka, makala imepita,
na Poongodi binti wa fundi baiskeli anaitwa daktari kabla ya mvua.
Nikaitazama tatu ile kitambo.
Nikaiacha na midomo yake.

Kuppammal alikuwa macho bado, anatunga asumini kwenye uzi.
"Leo umefanya nini?"
"Nimetazama maji yakishuka."
"Siku nzima?"
"Nilitaka kujua kama mgeni ameingia ndani."
"Akaingia?"
"Amebaki barazani."
Alikata uzi kwa meno.
"Basi huyo ana adabu. Wengine hujitia mpaka jikoni."
Akaninusa, kama kawaida yake,
akaninyooshea kishada cha maua.

Nilikwenda kwanza kunawa mikono,
mara mbili, mpaka viwiko,
ndipo nikakipokea.